Je, masaji ni lazima iume ndipo ifanye kazi?

"Nina miaka 41 na kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Kwa miezi minane sasa mabega yananikaza, hasa la kulia, na maumivu yanapanda shingoni mpaka kwenye panja. Mwezi uliopita nilikwenda kufanyiwa masaji ya kina. Mchuaji alitumia kiwiko, akasema nina mafundo yaliyojaa sumu na lazima yavunjwe. Kila nikilalamika ananiambia nivumilie, maumivu ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Nilitoka na madoa ya bluu mgongoni, na siku mbili sikuweza kugeuza shingo. Baada ya hapo nikapata nafuu ya siku nne, tano, kisha hali ikarudi palepale. Nimeshalipia vipindi vingine vitatu, niendelee? Nasikia kuna ya Kiswidi, ya Kithai, shiatsu, mawe ya moto, vikombe, ya limfu, ya nyayo. Ipi hasa inatibu? Na ni kweli ninywe lita tatu za maji ili sumu zitoke? Jambo la mwisho: mama yangu amevimba mguu wa kushoto tangu aliposafiri kwa basi saa kumi na nne wiki iliyopita. Shavu la mguu limekaza na linauma, anataka nimchue kwa mafuta ya moto. Nianzie wapi?"

Anzia kwa mama, maana lake halingoji. Asichuliwe mguu huo mpaka daktari auone, na auone leo.

Mguu mmoja ukivimba, shavu likakaza na kuuma, siku chache baada ya mtu kukaa saa nyingi bila kusimama, jambo la kwanza la kuondolea shaka ni damu iliyoganda ndani ya vena kubwa ya mguu. Huenda si hilo. Msuli uliochanika kidogo huleta hali kama hiyo, maambukizi ya ngozi pia, hata kifuko cha maji nyuma ya goti kikipasuka. Shida ni kwamba kwa macho na vidole huwezi kutofautisha kwa uhakika, wakati kipimo cha ultrasaundi kinaweza. Bonge la damu huwa limejishikiza kwenye ukuta wa vena. Ukiminya shavu la mguu na kusukuma kuelekea gotini, vile vile ambavyo mguu huchuliwa siku zote, unaweza kumega kipande chake. Kipande hicho husafiri na damu hadi moyoni, na kutoka hapo kinakwenda kuziba mshipa wa mapafu.

Kama nyumbani kuna futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kila shavu la mguu, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya pia ya goti. Mguu uliovimba ukizidi mwenzake kwa sentimita 3 au zaidi, hiyo ni mojawapo ya alama ambazo madaktari huzihesabu. Tofauti ikiwa ndogo isikutulize mkabaki nyumbani, kwa sababu kipimo hicho huongeza shaka tu, hakiiondoi. Mpaka mfike hospitali, mguu usikandwe kwa maji ya moto wala usifungwe bandeji ya kubana. Na akianza kuhema bila sababu, kifua kikamchoma anapovuta pumzi, akakohoa damu au akazimia, hiyo ni dharura ya dakika ileile.

Sasa mabega yako.

Kinachokusumbua, nikikuelewa vizuri, ni kwamba uliumizwa, kisha ukapata nafuu, na hujui kama nafuu ilitokana na kule kuumizwa. Kama ndivyo, ungelazimika kurudi ukavumilie tena. Habari njema ni kwamba hulazimiki.

Tuanze na hayo mafundo, kwa sababu ndiyo yaliyotumika kuhalalisha kiwiko. Fanya jaribio dogo. Peleka mkono wa kushoto juu ya bega la kulia, vidole vishuke nyuma mpaka viguse pembe ya juu ya kombe la bega, ile iliyo upande wa uti wa mgongo. Bonyeza kiasi, kisha sogeza vidole huku na huku. Utahisi kitu kama kamba kikiteleza chini ya vidole, pengine na kamlio kadogo. Hapo ndipo msuli unaoinua kombe la bega, unaoanzia kwenye pingili za juu za shingo, unapojishikiza kwenye mfupa. Kila mtu anayo kamba hiyo, hata asiyeumwa chochote. Mchuaji akiikuta na kuiita fundo la sumu, atakuwa anataka kuvunja kiungo kizima cha mwili wako.

Hata hivyo, uchungu unaousikia pale ni wa kweli, na si wa kubuni. Janet Travell na David Simons, madaktari wa Marekani, walichapisha mwaka 1983 ramani za sehemu za misuli ambazo zikibonyezwa hupeleka maumivu mahali pengine. Msuli wa juu ya bega, ule unaoshikika kati ya shingo na bega, kwa ramani hizo hupeleka maumivu pembeni mwa shingo hadi kwenye panja. Ndiyo hadithi yako hasa. Wataalamu bado wanabishana nukta hizo ni kitu gani, na wachunguzi wawili wakimpapasa mtu mmoja mara nyingi hawakubaliani nukta iko wapi. Kwa matumizi yako inatosha kusema hivi: hapo pana msuli na neva zilizokuwa nyepesi kuudhika, na kinachoudhika hutulizwa, hakivunjwi.

Na sumu? Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, nazo hazisubiri mtu akusugue mgongo. Wengine hutaja asidi ya laktiki, wakisema ndiyo inayobaki kwenye misuli. Hiyo huongezeka ukifanya mazoezi makali, na mwili huiondoa wenyewe kwa muda wa saa moja hivi. Utafiti uliofanyika Kanada mwaka 2010 ulikuta kwamba masaji baada ya mazoezi ilichelewesha kuondoka kwake, kwa sababu kuminya msuli kunabana mishipa inayopitisha damu. Kwa hiyo maji kunywa kwa kiu yako. Lita tatu kwa mkupuo hazina kazi, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo zinaweza kumdhuru.

Dhana nyingine inayovuma ni kwamba mkono wenye nguvu hunyoosha au huyeyusha utando mgumu unaofunika misuli. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu za nguvu zinazohitajika kubadilisha umbo la tando nene za mwilini, ule wa nje ya paja na ule wa chini ya unyayo, kwa asilimia 1 tu. Jibu lilikuwa nguvu kubwa kuliko mkono wa binadamu unavyoweza kutoa kwa kawaida. Mchuaji anapohisi "sasa imelegea", kilicholegea ni msuli uliopokea amri mpya kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo. Utando uko vilevile.

Hapo ndipo penye siri yote ya masaji. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall, watafiti wa maumivu, walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama mlango ambao taarifa za maumivu hupitia, na taarifa za mguso na msukumo zikiingia kwa wingi mlango huo hujibana. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko unakisugua kabla hata hujafikiri. Juu ya hilo, ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za neva zinazopenda mguso wa polepole, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na nyuzi hizo huleta utulivu kuliko taarifa. Mwili ukitulia, misuli iliyokuwa imejikunja kujilinda huachia.

Basi mbona na wewe ulipata nafuu baada ya mateso? Maumivu makali ya mahali pamoja hufunika maumivu mengine kwa muda. Mwili una njia yake ya kufanya hivyo, na wachuaji wenye mkono mzito huitumia bila kujua. Ila bei yake umeiona. Yale madoa ya bluu ni damu iliyovilia baada ya mishipa midogo kupasuka, na siku mbili za shingo kukataa kugeuka ni misuli iliyojikaza kulinda sehemu iliyojeruhiwa. Mara chache sana hufika mbali zaidi. Misuli ikipondwa kupita kiasi humwaga protini kwenye damu zinazoziba figo. Mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito baada ya kuchuliwa, hospitali siku hiyo hiyo.

Kipimo cha kutumia kitandani ni hiki. Tuseme 0 ni hakuna maumivu na 10 hayavumiliki: baki kati ya 4 na 6, yaani ule uchungu mtamu unaokufanya useme "hapo hapo". Lakini usitegemee namba pekee. Sikiliza pumzi. Ukijikuta umeizuia, vidole vya miguu vimejikunja au bega linapanda kumkwepa mchuaji, nguvu imeshapita kiasi, hata kama mdomo wako unasema sawa. Mchuaji mzuri huliona kabla hujasema.

Kama nguvu si dozi, dozi ni nini? Muda na marudio. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watu 228 wenye maumivu sugu ya shingo. Waligawanywa: wengine dakika 30 mara mbili au tatu kwa wiki, wengine dakika 60 mara moja, mbili au tatu, kwa wiki nne, na kundi moja likasubiri bila kuchuliwa. Waliopata dakika 60 mara mbili au tatu kwa wiki ndio waliopata nafuu ya maana. Nusu saa, hata ikirudiwa, haikutofautiana sana na kusubiri tu. Kwa hiyo kipindi kimoja kikali kwa mwezi ni mpango mbovu kuliko yote, kwani kinakupa jeraha bila kukupa marudio.

Na nikuambie ukweli wa upande wa pili pia. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tafiti za tiba, kuhusu maumivu ya kiuno yalikuta nafuu ya masaji ni ya muda mfupi, na ushahidi wenyewe dhaifu. Shingo nayo haitofautiani sana. Uliuliza "ipi inatibu?" Jibu ni kwamba hakuna inayotibu peke yake. Masaji hukufungulia nafasi ya siku kadhaa ya kusogea bila maumivu. Utakachofanya katika nafasi hiyo ndicho kinachoamua kama maumivu yatarudi. Nitakifikia.

Majina sasa. Ya Kiswidi ndiyo msingi wa karibu zote: kupapasa kwa viganja virefu, kukanda, kusugua kwa miduara, kupigapiga na kutikisa. Jina limemfuata Per Henrik Ling, Mswidi aliyeanzisha mazoezi ya tiba, ingawa majina ya Kifaransa ya mikono hiyo yanahusishwa zaidi na daktari wa Uholanzi, Johann Georg Mezger. Watu huidharau wakisema ni ya starehe. Kosa. Mkono wa Kiswidi wenye msukumo wa wastani unatosha kabisa kwa bega kama lako.

Masaji ya kina ikifanywa inavyopasa haina fujo. Sifa yake ni polepole: kigasha cha mkono kikianzia kiunoni kinaweza kuchukua nusu dakika au zaidi kufika begani, kikisimama pale kinapokutana na ukinzani na kusubiri msuli ukubali. Mafuta huwa kidogo ili ngozi isiteleze. Anayekimbiza kiwiko juu na chini kama anapiga pasi hajafanya masaji ya kina. Amefanya masaji ya haraka kwa kiwiko. Kubonyeza nukta ni ndugu yake: dole gumba hukaa mahali pamoja sekunde 30 hadi 90, uchungu ukipungua chini ya kidole, kinaondoka. Usipopungua ndani ya dakika moja na nusu, kinaondoka vilevile. Kubaki dakika tano "mpaka liachie" ndiko kunakoleta madoa.

Ya Kithai, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2019, hufanyika juu ya godoro sakafuni ukiwa umevaa nguo; mchuaji hukuvuta, hukukunja na kukuegemea. Shiatsu ya Japani nayo ni ya nguo, kwa mibonyezo ya dole gumba na kiganja. Zote mbili zinafaa kwa mtu aliyekaa sana, kwa sharti moja ambalo nitalirudia: asikuzungushe wala kukualisha shingo, yaani kuivuta ghafla mpaka ilie. Na mwenye mifupa iliyopungua uimara asikunjwe na mtu yeyote.

Mawe ya moto hufanya kazi ya joto, basi. Hatari yake ni kuungua, maana madhara ya joto hutegemea muda. Kitu cha nyuzijoto 60 huunguza ngozi kwa sekunde kama tano, cha 44 huhitaji saa nyingi. Jiwe linalotembezwa si sawa na jiwe lililowekwa likasahaulika. Linalotulia lazima liwe na kitambaa chini yake. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiwekewe kabisa, kwa sababu hatajua anaungua.

Kuumikwa kwa vikombe huacha duara jekundu au jeusi. Hiyo ni damu iliyonyonywa nje ya mishipa midogo, na rangi kuwa nzito haimaanishi ulikuwa na uchafu mwingi. Vikombe vikavu vinaweza kutuliza mgongo kwa siku chache. Vya kuchanja ni habari nyingine: wembe usio mpya kutoka kwenye pakiti iliyofungwa ni mlango wa homa ya ini ya aina B na VVU. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akae mbali navyo.

Ya limfu, iliyobuniwa na Wadenmaki Emil na Estrid Vodder katika miaka ya 1930, ni nyepesi mno. Mkono unasogeza ngozi tu. Kazi yake hasa ni mkono au mguu uliovimba kwa maji ya limfu, kwa mfano baada ya upasuaji wa saratani ya titi uliotoa tezi za kwapani, na huambatana na bandeji maalumu. Si ya bega lililokaza. (Wala si ya mguu wa mama, uvimbe usiojulikana chanzo hauchuliwi kwa mkono mwepesi wala mzito.) Ya nyayo inapendeza na inatuliza, ila ile ramani inayosema kidole fulani ni ini na kisigino ni kiuno haina msingi wa kimwili.

Nikikuchagulia: ya Kiswidi yenye msukumo wa wastani, na mibonyezo michache ya kutulia juu ya bega na chini ya kisogo, dakika 60, mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Kama mfuko hauruhusu, mtu wa nyumbani anaweza kukufanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo, na afuate hivi.

Kaa kinyumenyume kwenye kiti, kifua kikitazama egemeo, mto katikati, paji la uso juu ya mikono yako. Mafuta yasiyo na harufu kali, kijiko kimoja cha chai kwa mabega yote mawili. Yakizidi, mikono inateleza bila kushika msuli. Kama ni mafuta mageni kwako, paka kidogo ndani ya kiwiko siku moja kabla. Aanze na viganja vyote viwili: vianzie katikati ya mgongo vikipanda juu, vizunguke mabega, vishuke kwa nje, sekunde tano au sita kwa mzunguko, dakika tatu. Kisha akande. Neno lenyewe linasema, ni kama unga: ashike nyama iliyo kati ya shingo na bega, kiganja nyuma na vidole vinne mbele, aiinue kidogo, aiachie, asogee. Vidole vya mbele visizame kwenye shimo lililo juu ya mtulinga. Hapo pamepita neva na mishipa mikubwa ya mkono, na ndipo wapya wanapokosea zaidi. Dakika tano kila upande.

Baada ya hapo mibonyezo. Sehemu mbili tatu begani, sekunde 30 hadi 60 kila moja, akiongeza uzito taratibu na kuondoa taratibu. Halafu mashimo mawili madogo chini ya kisogo, kila upande wa uti wa mgongo: ashikilie paji la uso kwa mkono mmoja, na kwa dole gumba la mwingine abonyeze kuelekea juu, kana kwamba analenga jicho. Mara nyingi hapo ndipo maumivu ya panja hupungua. Amalize kwa kupapasa dakika mbili. Vidole gumba vikianza kumuuma, ujue anasukuma kwa vidole. Anyooshe kiwiko, aegemee, uzito wa mwili ufanye kazi. Asibonyeze mifupa ya katikati ya mgongo. Na mbele ya shingo pasiguswe kabisa: pembeni mwa koromeo kuna mshipa ambao ukibonyezwa mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla mtu akazimia.

Ukiwa peke yako, tia mpira wa tenisi ndani ya soksi ndefu, utupie nyuma ya bega, egemea ukuta. Mpira ukae kati ya kombe la bega na uti wa mgongo, juu ya nyama, si juu ya mfupa. Kunja na kunyoosha magoti kidogo kuuviringisha, ukipata nukta tulia, vuta pumzi tano ndefu. Mahali pawili patatu, basi. Watu hujiharibu kwa kufanya robo saa mfululizo kwa sababu inapendeza, kesho yake wanaamka wameumia.

Sasa kile cha kufanya ndani ya ile nafasi. Nchini Denmark, watu wazima 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega walijaribiwa kwa wiki 10, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Zoezi lilikuwa moja: kuinua mikono kwa mpira wa kunyumbuka (ule utepe mrefu wa mazoezi, si wa tenisi), siku tano kwa wiki, kundi moja dakika 12 kwa siku, jingine dakika 2 tu. Makundi yote mawili yalipungukiwa na maumivu kuliko wale wasiofanya. Kanyaga katikati ya mpira, shika ncha mbili, viwiko vimelegea kidogo, inua mikono pembeni lakini mbele kidogo ya mstari wa mwili, mpaka usawa wa mabega, kisha shusha polepole. Endelea hadi uchoke au dakika 2 zitimie. Kosa la kawaida ni mabega kupanda kuelekea masikioni. Likitokea, mpira ni mgumu mno, tafuta mwepesi. Siku za kwanza utasikia uchovu begani, nao ni wa kawaida ukiisha ndani ya siku mbili.

Mezani kwako angalia kitu kimoja tu: kipanya kiko wapi. Bega la kulia likiuma kuliko la kushoto, mara nyingi mkono unakifuata mbali pembeni siku nzima. Kisogeze mpaka kiwiko kikae ubavuni. Hakuna mkao mmoja mtakatifu, kwa hiyo badilisha mkao kila nusu saa hivi, hata kwa kusimama tu.

Usiende kwa mchuaji bali kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kama mkono unapata ganzi au unapoteza nguvu, vitu vinakuponyoka, miguu inayumba unapotembea, maumivu yanakuamsha kila usiku, au kuna homa au kupungua uzito bila sababu. Kichwa kikikupasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au shingo ikiuma pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili au ulimi kuwa mzito, ni dharura. Ukuta wa mshipa wa shingoni huweza kuchanika, na kualishwa shingo ni mojawapo ya visababishi vinavyojulikana. Na kama miezi minane hii hujawahi kuchunguzwa na mtu wa tiba hata mara moja, fanya hivyo kabla ya kulipia kingine chochote.

Vipindi vyako vitatu: vitumie kwa masharti. Subiri madoa yaishe kabisa. Kabla ya kupanda kitandani mweleze mchuaji dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na kama una ujauzito, kisukari au shinikizo la damu. Kisha mwambie kwa maneno haya haya: "Leo sitaki kiwiko. Nikisema sita, punguza. Shingo usiizungushe." Akikubali, na kweli akapunguza mara ya kwanza unaposema, maliza vipindi vyako. Akicheka, au akakuambia mwili wako haujui unachotaka, shuka kitandani, vaa, uombe urudishiwe pesa za vilivyobaki.